Wiki sita, maneno sita: tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza mjini Zanzibar

Nilijiunga na darasa hili kwa sababu ya kikombe cha chai. Ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, na asubuhi moja ya msimu wa kusi, mhudumu wa chai akiwa bado hajafika, nilichukua birika mwenyewe nikamwendea mgeni wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Uingereza aliyekuwa amekaa barazani. Nilimuuliza kama angependa chai nyengine, naye akanijibu "I'm fine, thank you". Kwa kuwa tokea skuli nilifundishwa kwamba maneno hayo ndiyo jibu la mtu aliyeulizwa hali, nilifurahi kusikia kwamba hajambo, nikammiminia. Kikombe kilipopungua nilirudi, akajibu vilevile, nikammiminia tena. Mara ya tatu aliweka kiganja chake juu ya kikombe. Hakuna aliyekosa adabu baina yetu, kwani kwetu mgeni huendelea kukirimiwa hata akikataa mara ya kwanza, na kwao aliyekataa mara moja ameshakataa. Lakini nilipofahamu kilichotokea niliumia, kwa sababu nilikuwa nimesoma Kiingereza miaka yote ya skuli na nimeshindwa na neno la herufi nne.

Darasa lenyewe hufanyika katika chumba cha ghorofani upande wa Mkunazini, Jumatatu mpaka Alhamisi baada ya sala ya isha, kwa dakika 90 kila jioni. Mafunzo huchukua wiki sita na ada yake ni shilingi 80,000, pamoja na kurasa za fotokopi ambazo mwanafunzi huzipata kila Jumatatu. Anayefundisha ni maalim mmoja mzee, mstaafu wa skuli za serikali, na wanafunzi wetu walikuwa kumi na sita: wahudumu wa mikahawa, watembeza watalii, madereva wawili wa teksi, kijana wa duka la sonara, mpishi mmoja kutoka Pemba, mwanafunzi wa muziki, na sisi wa mapokezi. Wote tulikuwa tunajua Kiingereza cha kutosha kufanya kazi zetu. Hili ni muhimu kulitaja mapema, kwa sababu asiyejua kabisa Kiingereza hatafaidika na darasa hili, na maalim humwambia hivyo tokea siku ya kujiandikisha badala ya kumchukulia fedha zake.

Jambo linaloshangaza watu wanapousikia utaratibu wa darasa ni kwamba kila wiki hufundishwa neno moja tu. Katika wiki zetu sita tulisoma "run", "set", "get", "right", "fine" na "charge". Mwenzangu mmoja kazini aliniambia kwamba kulipa shilingi 80,000 kwa maneno sita ni sawa na kununua samaki kwa idadi ya mifupa. Sikubaliani naye, na sababu yangu ni hii: sisi tunaofanya kazi na wageni mara nyingi hatukwami kwa neno tusilolijua, maana neno hilo tunaliuliza. Tunakwama kwa neno tunalodhani tunalijua. Mtu aliyeshika maana moja ya neno lenye maana ishirini huwa na uhakika mkubwa, na uhakika ule ndio unaompeleka akamimine chai mara tatu.

Maalim alianza na "run" ili tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Alitueleza kwamba mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford aliyekabidhiwa kitenzi hicho alikihesabia maana 645, na kwamba kabla yake, katika toleo la pili la kamusi hiyo la mwaka 1989 lenye juzuu 20, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set". Kisha akasema hatatufundisha hizo 645, ila zile tu zinazopita mlangoni mwa hoteli: mgeni anayetaka afunguliwe maji ya kuogea, anayetaka vinywaji vyake viandikwe alipe mwisho, anayeuliza nani anaiendesha hoteli, anayelalamika kwamba karatasi za chooni zimekwisha. Wote hao hutumia "run" na hakuna hata mmoja anayekimbia.

Wiki niliyoingoja ilikuwa ya tano, wiki ya "fine", na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi namna darasa hili linavyofanya kazi.

Jioni ya kwanza nilisimulia kisa cha chai. Maalim hakunisahihisha mimi, bali aliligeukia darasa na kuuliza: "Wanangu, mtu akipita penu mnakula, mkamwambia karibu, na yeye hataki kula, husemaje?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Starehe!" Akasema, "Basi 'I'm fine' ya mgeni wa dada yenu ilikuwa starehe." Nilikaa kimya kwa muda. Nimekuwa nikilitumia neno starehe kwa maana hiyo tokea utotoni, kumwambia mtu asijisumbue kwa ajili yangu, abaki katika raha yake, na kumbe mlango wa kuingilia katika neno la Kiingereza ulikuwa nyumbani kwangu siku zote. Tafsiri ya "sijambo" niliyofundishwa skuli si ya makosa. Ni kweli kwamba aliyeulizwa hali anaweza kujibu hivyo. Kasoro ni kwamba nilipewa jibu bila ya kuambiwa ni la maswali mangapi.

Dereva mmoja wa teksi akauliza kuhusu abiria wake aliyebishana naye juu ya nauli kutoka uwanja wa ndege, kisha akasema "Fine!" kwa nguvu, akalipa na kuufunga mlango kwa kishindo. Je, alikuwa ameridhika? Hapa tena maalim alirudi kwenye Kiswahili. Alitutaka tulifikirie neno haya. Mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kucheza, mama husema haya na ruhusa imetoka. Wawili wakigombana hadi mmoja akachoka, husema "Haya!" na kila aliyepo anajua kwamba amekubali kwa mdomo tu. Fundi akimaliza kupima ubao husema haya, kazi ianze. Na mbali na hayo, neno haya ni aibu njema ya mtu mwenye heshima, na tena ni neno la kuonyesha vitu vilivyo karibu, kama katika "maji haya". Hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu anasikia sauti, anatazama uso, na anajua kilichotangulia kusemwa. "Fine" ya abiria yule ilikuwa haya ya pili.

Jioni iliyofuata ilikuwa ya vitu vinavyoshikika, na hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kinadai uamuzi ambao Kiingereza hakiudai. Mgeni hukuambia kwamba mchanga wa Paje ni "fine", kwamba chumvi ya mezani ni "fine", kwamba uzi wa kushonea kofia ni "fine", na kwamba mvua ya asubuhi ilikuwa "fine". Kwa Kiswahili huwezi kuvitia vyote katika chungu kimoja: mchanga ni mwororo, chumvi ni laini, uzi ni mwembamba, na mvua ile ni manyunyu. Mpishi wetu wa Kipemba alieleza shida yake jikoni, kwamba maelekezo ya mapishi humwambia afanye kitu "finely" naye hajui akifanye nini, na maalim akamwonyesha kwamba jibu limo katika kitenzi kinachofuatana nalo. Kitunguu cha kachumbari kikikatwa hivyo kiwe chembamba, cha kukaangia kikikatwa hivyo kiwe kidogo kidogo, na pilipili manga ikisagwa hivyo iwe unga. Udogo ni mmoja machoni mwa Mwingereza, lakini kwetu ni udogo wa aina tatu, na mpishi asiyeamua ni upi ataharibu sahani.

Mpishi huyohuyo aliongeza jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zetu. Siku anayoiita Mwingereza "a fine day" ni siku ya jua isiyo na mvua, na kwa mkulima wa karafuu aliyeanika jamvini hiyo ndiyo siku njema kweli, kwani karafuu huhitaji siku kadhaa za jua kali hadi zikauke, na zikinyeshewa hushuka daraja zinapofikishwa kituo cha ununuzi. Lakini kwa aliyepanda mpunga bondeni, siku kumi kama hizo mfululizo ni msiba. Nilipenda kwamba maalim alimwacha azungumze.

Kijana wa duka la sonara naye alituletea "fine gold", maneno yanayochongwa juu ya vipande vya dhahabu tupu. Hapa neno halina uhusiano na wembamba wala hali ya hewa: maana yake ni dhahabu isiyochanganywa na kitu, sehemu 999 katika kila 1,000, wakati dhahabu ya karati 22 inayopendwa na bibi harusi wengi wa hapa ina sehemu 916 hivi. Mteja wake wa kigeni alikuwa amemuuliza kama bangili ni "fine", naye akajibu ndiyo, akimaanisha kwamba ni nzuri. Ni bahati kwamba mteja aliuliza tena kabla ya kulipa. Na mimi nikakumbuka kofia za viua, zile zinazoshonwa vitundu vidogo kwa mkono mmoja baada ya mwengine kwa wiki kadhaa, ambazo wageni huzitazama na kusema "What fine work". Nilikuwa nikidhani wanasema tu kwamba ni nzuri. Kumbe wanaisifu mishono kwa udogo wake, mikono kwa ustadi wake na kofia kwa ubora wake, yote kwa pamoja.

Swali lililobaki lilikuwa la faini. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiingereza, na tulipolipokea tulichukua maana moja tu, ile ya mahakamani na ya askari wa barabarani, tukaziacha nyengine zote bandarini. Ndiyo maana nilipata mkanganyiko siku mgeni mmoja aliponiuliza kuhusu bima ya safari ambayo wageni wa kigeni wanatakiwa kuinunua kutoka Shirika la Bima la Zanzibar tokea Oktoba 2024, kwa dola 44. Alitaka kusoma "the fine print". Nikajitahidi kumwonyesha ni wapi pameandikwa faini, ilhali alichotaka ni masharti yanayochapishwa kwa herufi ndogo. Tena herufi zile ni "fine" kwa maana ya mchanga wa Paje.

Je, adhabu na uzuri vimekutanaje katika neno moja? Maalim alitumia karibu jioni nzima kulijibu swali hili, na kwangu hiyo ndiyo jioni iliyolipa ada yote. Asili ni Kilatini, neno "finis", ambalo maana yake ni mwisho au mpaka. Lilipopita katika Kifaransa likawa sifa ya kitu kilichofikia mwisho wa ubora wake, na kutoka hapo ndipo ulipotokea uzuri, usafi wa dhahabu, ustadi wa mshono, na baadaye wembamba na ulaini. Njia ya pili ilipita mahakamani. Katika Uingereza ya karne ya 12, wagombanao juu ya ardhi waliweza kumaliza kesi yao kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mahakama, hati yake ikianza kwa Kilatini kwa maneno yenye maana ya "haya ndiyo mapatano ya mwisho". Mwaka 1195 ukawekwa utaratibu wa kuyaandika mara tatu juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi ili asiyekuwa na kipande cha kweli asiweze kughushi: kila upande ukachukua kipande chake, na kile cha chini kikabaki mahakamani. Vipande vile vya chini vipo mpaka leo katika nyaraka za taifa mjini London, na utaratibu wenyewe uliendelea hadi ulipofutwa kwa sheria ya mwaka 1833. Fedha iliyotolewa ili jambo liishe nayo ikachukua jina la mwisho. Kwa hiyo faini, kwa asili yake, ni malipo ya kulimaliza jambo, na mtu aliyelipa ana haki ya kusema limekwisha.

Nilipokuwa nikisikiliza hayo nilikumbuka namna sisi wenyewe tunavyosema pilau ikikolea: "Pilau ya leo ni mwisho!" Hakuna aliyetufundisha Kilatini, na bado tumefika mahali palepale, kwamba kitu kilichofika mwisho hakina kilichobaki kuongezwa. Maalim aliongeza mfano wa kinyume, ambao nimeusimulia kwa kila mtu nyumbani. "Fine" ni neno moja lililogawanyika likawa kama mawili. Laini yetu ni maneno mawili yaliyokutana yakawa kama moja: laini ya chumvi imetoka Kiarabu, na laini ya simu imetoka Kiingereza, na sasa yanaandikwa na kutamkwa sawasawa bila ya kuwa na udugu wowote.

Mwanafunzi wa muziki, aliyekuwa amekaa kimya karibu wiki nzima, ndiye aliyetuletea neno la mwisho. Alisema katika nota anazosoma kuna mahali pameandikwa "Fine", na mwalimu wake hulitamka "fi-ne", kwa silabi mbili. Hilo ni neno la Kitaliano, ndugu wa yale tuliyokwisha kuyaona, na linabaki na maana yake ya asili: mpigaji anayeambiwa arudi mwanzo wa wimbo hupiga hadi afike hapo, kisha husimama. Halafu akatuonyesha katika picha ya simu yake skrubu ndogo zilizo upande wa chini wa nyuzi za fidla, ambazo Waingereza huziita "fine tuners", kwa kuwa huipandisha au kuishusha sauti kwa kiasi kidogo mno. Fidla moja, na maneno mawili ya ukoo mmoja.

Sasa nieleze kasoro, maana zipo, na nyengine si ndogo. Kubwa kuliko zote ni kwamba darasa hili halina sauti za wazungumzaji wenyewe. Maalim huigiza vizuri kadiri awezavyo, lakini neno kama "fine" hubeba nusu ya maana yake katika sauti. Wiki mbili baada ya mafunzo, mgeni mmoja aliniambia kwamba chumba chake kilikuwa "fine", akilivuta neno kwa chini na bila ya kutabasamu, nami nikamshukuru. Jioni yake alimweleza meneja kwamba feni ilikuwa ikipiga kelele usiku kucha. Kulijua neno katika karatasi hakukunisaidia kulisikia. Simu moja yenye rekodi za mazungumzo ya kweli, hata kwa dakika kumi kila jioni, ingelitatua tatizo hili, na nimemwomba maalim alifikirie.

Kasoro ya pili ni mgawanyo wa muda. Wiki ya "right" iliangukia sikukuu, ikafundishwa kwa jioni mbili tu bila ya kufidiwa, ilhali hilo ndilo neno ambalo madereva wanalihitaji kuliko jengine lolote. Mmoja wao alikuwa ameshapinda kulia pale Michenzani kwa sababu abiria alisema "Right" akimaanisha haya, twende. Wangepewa hata jioni moja ya nyongeza. Kwa upande mwengine, historia ya mahakama za Uingereza iliyonifurahisha mimi iliwachosha wao, na sidhani kama ni haki kuwalaumu kwa kutazama saa. Wiki ya "charge" nayo ilikuwa nyepesi, kwani chaji ya simu tunaijua na habari ya kutoza ilielezwa kwa ufupi. Fotokopi ni hafifu, mistari mingine haisomeki kabisa, na hakuna cheti mwishoni, jambo ambalo litamkera anayetafuta karatasi ya kuambatisha na maombi ya kazi.

Pamoja na hayo, namshauri kila mtu anayekaa mapokezi, anayehudumia meza au anayetembeza wageni ajiandikishe, mradi aweze kwanza kuendesha mazungumzo ya kawaida kwa Kiingereza. Madereva ningewashauri wasubiri mpaka waambiwe kwamba "right" itapewa wiki yake kamili. Viti havizidi kumi na vinane na hujaa mapema kabla ya msimu wa wageni, hivyo ni vyema kwenda kuuliza wiki moja au mbili kabla. Chukua daftari nene, uandike kila kinachosemwa na wenzako, kwa sababu mchanga, karafuu, dhahabu na fidla havimo katika zile kurasa za fotokopi.